Jumapili na Kibainishi cha Sehemu

Kabla ya lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Mimi na mke wangu tuliishi Engutoto, katika nyumba ambayo tuliihamia kabla haijapigwa lipu na ambayo, kwa kweli, upande wa nyuma haijapigwa lipu hadi leo. Nilikuwa nimestaafu kufundisha Kilatini katika seminari moja kwenye miteremko ya Mlima Meru, kazi niliyoianza nikiwa kijana na kuiacha nikiwa mzee. Binti yetu wa pekee aliolewa na fundi wa visima kutoka Italia, ambaye alikuwa amekuja kuchimba maji katika vijiji vya magharibi ya mlima. Walihamia kwao mume, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, wakapata mtoto mmoja wa kike. Kisha binti yetu aliugua, akafariki huko, akazikwa huko. Mtoto alikuwa bado hajaanza shule. Baba yake, ambaye kazi yake ni ya kusafiri, alimkabidhi kwa mama yake mzazi. Bibi huyo nitamwita nonna, kama mtoto anavyomwita, kwa kuwa ndilo neno la Kiitaliano la bibi.

Marehemu alikuwa akimsemesha mtoto Kiswahili tangu siku ya kuzaliwa. Kila Jumapili, sisi tukiwa tumetoka kanisani na wao wakiwa wamemaliza chakula cha mchana, tuliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, na ule uso mdogo ukatokea. Alituamkia kwa pumzi moja, bila kutenganisha maneno: "Shikamoobabushikamoobibi." Mama yake alipokuwa hai tulimsikia nyuma akisema, "Taratibu, mmoja mmoja." Alipoondoka, hapakuwa na mtu katika nyumba ile wa kumwambia taratibu, wala wa kumsemesha.

Kiswahili kikaanza kumtoka. Niliona kwa utaratibu gani, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Kwanza zilipotea nyakati za vitenzi, "nilikula" na "nitakula" zote zikawa "kula". Kisha upatanisho wa ngeli ukavunjika. Kisha yakaondoka majina ya vitu: kijiko, shuka, mvua. Hatimaye ikafika Jumapili ambayo alitazama kioo, akapunga mkono, akasema, "Ciao, nonno."

"Amekuitaje?" mke wangu aliuliza.

"Ameniita babu."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu."

Simu ilipokatwa mke wangu aliinuka. Aliondoa vikombe, akavirudisha mezani vikiwa bado vichafu, akaviondoa tena. Kisha akasema, "Mwalimu, miaka yote nimeyapangusa vumbi mavitabu yako ya Kilatini. Si ulisema ndicho mama wa lugha zote hizo? Basi mwambie huyo mama amwite mtoto wake."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza Kiitaliano nikiwa mtu mzima kupita kiasi. Sikuwa na nia ya elimu. Tulikuwa na mjukuu mmoja, na njia moja tu ya kumfikia; lugha ikiisha, tungebaki wazee wawili wanaotazamwa na mtoto kwa adabu, na baadaye bila adabu, na baadaye tusitazamwe kabisa.

Msamiati haukunitesa. Mtu aliyelishwa Kilatini hukutana na maneno ya Kiitaliano kama anavyokutana na watoto wa marafiki zake: sura anaijua, jina tu ndilo jipya. Kilichonishinda ni kijineno kidogo kinachokaa mbele ya nomino. Kiswahili hakina kitu hicho. Kilatini hakina pia. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote, katika lugha zote nilizoziheshimu, nikisema mkate bila kulazimika kutangaza ni mkate upi. Sasa kitabu cha sarufi, ambacho padre mmoja mgeni alikiacha seminarini na ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mende, kiliniambia kwamba Mwitaliano anayekula mkate ana mawili ya kuchagua. Akisema *mangio il pane*, anakula mkate ule unaojulikana, au mkate kwa ujumla wake. Akisema *mangio del pane*, anakula mkate kwa sehemu isiyotajwa ukubwa. Kwa Kiswahili sentensi zote mbili ni moja: ninakula mkate.

Kijineno hicho cha pili nilikiita kibainishi cha sehemu. Kimetengenezwa kwa kuunganisha *di*, ambacho ni kama kile "-a" chetu cha umilikaji, na kibainishi cha kawaida, kama ile *il*. Kina maumbo saba: *del*, *dello*, *della*, *dell'*, *dei*, *degli*, *delle*. Maumbo nilijifunza kwa siku chache. Aliyekulia katika ngeli, akisema kiti changu, meza yangu, ukuta wangu, mafuta yangu bila kufikiri, hawezi kuogopeshwa na maumbo saba. Maana ndiyo iliyonikwepa.

Nilijaribu kukitafsiri kwa "kidogo". *Del pane*, mkate kidogo. Ilionekana kufaa, hasa kwa kuwa sisi huomba kwa kidogo: naomba maji kidogo, nisogezee kiti kidogo. Lakini kitabu kilinitolea mfano wa mtu aliyenunua *dei libri*, vitabu, akavijaza kwenye gari. Hicho si kidogo. Nikajaribu "baadhi". *Dell'acqua*, baadhi ya maji. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeomba baadhi ya maji. Nikarudi kwa Kilatini, ambacho husema *satis temporis*, wakati wa kutosha, na kulitia neno wakati katika hali ya umilikaji kana kwamba limekatwa kutoka pahala. Hapo niliona mwanga, kisha nikaupoteza, kwa sababu Kilatini hukata tu pale neno la kipimo lilipotangulia. Kiitaliano hukata bila kipimo, kisu kikiwa hewani.

Asubuhi baada ya asubuhi nilikaa kwenye meza ya chakula, mke wangu akichambua maharage upande wa pili, ukungu wa Julai ukiwa umeuziba mlima. Nilikuwa nikisema peke yangu: *dello zucchero, della farina, degli spinaci*.

"Hiyo rozari yako haina Amina?" aliniuliza siku moja.

Nilipoanza kuvitumia nilivyojifunza, nilikosea kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote wa Ulaya asingekosea. Sisi tunayahesabu maji, maziwa na mafuta kuwa ni mengi. Maziwa yamemwagika, yale, hayo, yote. Hayajawahi kuwa moja. Kwa hiyo Jumapili moja nilimwona mjukuu wangu na kikombe mkononi, nikakusanya ujasiri, nikamuuliza kama anataka maziwa. Nilisema *dei latti*, nikiyaweka maziwa katika wingi, kama ilivyo haki yake huku kwetu.

Mtoto alicheka hadi kikombe kikayumba.

"*Dei latti!* Nonno! *Quante mucche hai?*"

"Amesema nini?" mke wangu aliuliza.

"Amecheka."

"Kucheka nimesikia, mimi si kiziwi. Amesema nini?"

"Anauliza tuna ng'ombe wangapi."

"Mwambie mmoja, na huyo naye hakamuliki, anatutazama tu!"

Nilimwambia, kwa makosa mengine matatu, naye akacheka tena. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo mtoto alikuja kwenye simu mbio, akisubiri nikosee. Alinionyesha vitu na kuniamuru niviite. Nilimwonyesha sahani ya loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, nikasema *del loshoro*, akairudia kwa shida, ulimi wake ukilizunguka neno la kwao mama yake kama kitu cha kigeni. Mke wangu aliutazama mdomo ule ukihangaika, akainuka, akaenda jikoni. Nilimsikia akifungua bomba bila kuosha kitu.

Lakini kosa halichekeshi milele. Nilivyoboreka ndivyo nilivyochosha. Alianza kujibu kwa neno moja, akitazama pembeni, kwenye televisheni ambayo hatukuiona. Siku nyingine alikuja nonna peke yake, akasema mtoto yuko kwa rafiki, au yuko kwenye kuogelea, au amelala. Nonna hajui lugha nyingine yoyote, na alikuwa akiongea nasi kwa sauti ya juu, kama watu wanavyowafanyia wageni na viziwi.

Kisha ikaja Jumapili ambayo nonna alivuta kiti akakaa. Mtoto hakuwepo. Aliongea polepole kwa ajili yangu, namshukuru kwa hilo, na nilielewa karibu kila kitu. Alisema kwamba baada ya simu zetu mtoto hushindwa kula. Humtafuta mama yake kwenye kabati la nguo. Juma zima shuleni huwa mzima, Jumapili jioni huvunjika. Kisha akauliza, na sikuona hasira usoni mwake: "*Voi, che cosa volete?*"

"Anauliza sisi tunataka nini," nilimwambia mke wangu.

"Tunataka nini tena? Mwambie tunataka Jumapili tu. Hatuna kingine tunachokitaka."

Niliifasiri. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hofu, na niliogopa mtandao kukatika. Nilisema: "*Vogliamo le domeniche.*"

Nonna aliinuka, mkono juu ya goti. Akasema: "*Le domeniche sono della bambina.*" Akaaga, na kioo kikawa cheusi.

Nilikuwa nimekaa miezi nikikinyemelea kibainishi cha sehemu, na sasa nilikiona kila mahali, kama aliyepoteza ng'ombe anavyomwona nyuma ya kila kichaka. Nilisikia *della bambina*, nikasikia sehemu: kiasi cha mtoto. Jumapili, kutakuwa na kiasi cha mtoto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniletea tafsiri hiyo ningemrudishia daftari. Lakini ndiyo niliyomletea mke wangu.

"Nadhani amekubali," nilisema. "Anasema Jumapili tutampata mtoto, ingawa si kwa muda mrefu."

"Mungu ambariki," alisema mke wangu, na akaimba jioni nzima akipika.

Jumapili iliyofuata tulipiga simu ikaita hadi ikakatika. Tulidhani wametoka. Tulipiga tena kivuli cha mgomba kilipofika ukutani, na mara nyingine kabla ya kuwasha taa. Mke wangu alikuwa bado na kitenge cha kanisani. Hakukivua ili mtoto akione. Jumapili ya baadaye ikawa hivyo hivyo. Nilituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa.

Sijui kama nimewahi kuwa katika hali ile kabla, hata msibani. Msibani watu huja. Wanaleta viti, wanapika, wanakuuliza maiti itafika lini, na wewe una la kujibu. Katika Jumapili zile hapakuwa na la kumwambia mtu. Jirani akiuliza mjukuu hajambo, tulisema hajambo, kwa kuwa hatukujua vinginevyo. Mke wangu aliacha kuniuliza nimejifunza nini. Mimi nilifungua kitabu na kukifunga. Kuna kanuni ndani yake kwamba sentensi ikikanushwa, kibainishi cha sehemu huondoka: ukiwa na mkate una *del pane*, usipokuwa nao huna *pane*, neno limebaki uchi. *Non abbiamo notizie*, hatuna habari. Nilikuwa nimeiandika kanuni hiyo pembeni kwa penseli muda mrefu kabla, nikaipita bila kuijali.

Niliyarudia mazungumzo yale ya mwisho kwa sababu sikuwa na mengine ya kuyarudia. Niliandika sentensi ya nonna kwenye karatasi na kuichambua kama nilivyowafundisha vijana kuchambua: kiima kwanza, kisha kitenzi, kisha uliza kila neno linafanya kazi gani. Kiima ni *le domeniche*, Jumapili. Kitenzi ni *sono*, ni. Na *della*? *Della* ina kazi mbili, na mimi nilikuwa nimeikumbuka moja. Inaweza kuwa kibainishi cha sehemu. Inaweza pia kuwa umilikaji wa kawaida kabisa: ya yule. Jumapili ni za yule mtoto. Ni zake. Si zenu.

Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, niliandika chini yake sentensi yangu mwenyewe, na nikaichambua nayo. *Vogliamo*, tunataka, hata sikusema tunaomba. *Le domeniche*, Jumapili zile, zote jinsi zilivyo, kama mtu anayedai mashamba yaliyotajwa mipaka. Bibi anayemwonea uchungu mjukuu wake, aliyetoka kusema kwamba Jumapili zinamuumiza mtoto, ameuliza tunataka nini, na amejibiwa: Jumapili zote. Ile "tu" ya mke wangu, ambayo ndiyo iliyokuwa na upole wote, niliiangusha njiani.

Nilimfuata mke wangu uani, alikokuwa akianika nguo.

"Nonna hakukubali," nilimwambia.

Aliendelea kuanika. "Nilishajua. Mtu aliyekubali hupokea simu."

"Alisema Jumapili ni za mtoto."

"Na wewe ulikuwa umemwambia nini?"

"Tunataka Jumapili."

"Si ndivyo nilivyokuambia useme?"

"Ndivyo. Kwa Kiswahili ndivyo."

"Sasa kwa Kizungu umesema nini?"

"Zote."

Aligeuka, kibanio kikiwa mdomoni, akakitoa. "Zote? Mimi nimnyang'anye mama wa watu Jumapili zote? Naye amezika mkwe, analea yatima uzeeni, magoti yenyewe yale ulimwona anavyokaa? Zote, Mwalimu?"

"Lugha yao inataka useme."

"Useme nini? Nikienda kwa jirani nikamwambia naomba chumvi, ananiletea kopo zima? Au nimwambie naomba chumvi lakini nyingine baki nayo, mama, usije ukafa?" Akacheka kwa uchungu, kicheko kikamgeuka, akajifuta kwa shati langu bichi lililokuwa begani mwake.

Nilisimama pale kwenye kamba. Ilikuwa kweli, na ndicho nilichokuwa nikikitafuta katika kitabu kisichokuwa nacho. Sehemu tunayo. Kwetu haikai katika neno. Inakaa katika kuomba. Anayeombwa ndiye anayekata, na anayeomba humwachia kisu. Wao, kwa sababu zao, wameiweka sehemu mdomoni mwa anayeomba: yeye mwenyewe akiri, kabla hajapewa, kwamba kuna kitakachobaki na kwamba kilichobaki hakimhusu. *Del pane*: mkate, na najua kuna mwingine usio wangu. Wanasarufi watanisahihisha, na watakuwa na haki, kwa kuwa Mwitaliano akinunua *del pane* hafikirii hayo yote. Lakini mimi sikuwa nikinunua mkate.

Hatukupiga simu tena. Tulirekodi ujumbe wa sauti, asubuhi, kukiwa kimya, mke wangu akiwa amenishika kiwiko. Niliandika sentensi tatu na kuzisoma bila kupamba:

"*Vorremmo delle domeniche. Non tutte. Le altre sono vostre.*"

Tungependa kupata Jumapili, zile mtakazoweza. Si zote. Nyingine ni zenu.

"Hujaweka tafadhali," alisema mke wangu.

"Tafadhali imo."

"Wapi?"

"Ndani ya *delle*."

Alinitazama kwa mashaka, na sikumlaumu. Kisha akaichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama wao wanavyotufanyia: "Pole, mama. Pole sana kwa kulea." Akaituma kabla sijamweleza kwamba hataelewa.

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, kwa maandishi, fupi. Tulipewa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula chao cha mchana, kwa muda ambao mtoto mwenyewe angependa kukaa. Tumeipata kila mwezi tangu hapo, isipokuwa miezi ya kiangazi wanapokwenda baharini. Muda anaopenda kukaa umekuwa ukipungua. Mjukuu wetu sasa hana neno la Kiswahili, na mke wangu, ambaye hajui Kiitaliano, hukaa kando yangu na kungoja nimfasirie.